Kuugua kwa Muda Mfupi

Wasifu wa marehemu ulikuwa tayari. Mzee Kweyu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliusoma kwa sauti nyumbani kwa Everline, Kayole: Sally alizaliwa, akabatizwa, akasoma hadi Gredi ya Tisa, akaaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi.

"Iko sawa, Mama Sally?"

Everline aliitikia kwa kichwa. Nairobi nzima hufa kwa kuugua kwa muda mfupi, basi na wake afe vivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba Sally alikuwa na mimba ya miezi saba chini ya sweta la shule. Miguu ilipofura, mamake alimnunulia viatu vikubwa zaidi, akafurahi kwamba mtoto anakua. Kichwa kilipouma, akampa dawa ya maumivu. Jumanne asubuhi Sally akaanguka bafuni, mwili mzima ukitetemeka. Daktari aliposema ni kifafa cha mimba, Everline alimwambia amekosea mgonjwa. Aliyempa mimba hakujulikana. Sally alikwenda na jina lake.

Lakini kilichomla Everline moyo kilikuwa mkutano wa wazazi wa Januari. Madam Syombua, mwalimu wa sayansi, aliomba ruhusa kuwafundisha watoto jinsi mimba inavyoingia, magonjwa yanavyoepukwa, na dalili gani za kukimbilia hospitali. Wa kwanza kusimama kupinga alikuwa yeye Everline, mwakilishi wa wazazi. "Wangu hajui hayo mambo, na usimfungue macho!" Akapigiwa makofi, na somo likafia hapo. Jioni Sally alipouliza walikuwa wakizungumza nini, alimjibu, "Mambo ya watu wazima. Osha vyombo."

Siku ya ibada, darasa zima lilikuja na sare. Mzee Kweyu aliposoma wasifu hadi kwenye kuugua, Everline akainuka.

"Hapana, mzee. Mtoto wangu alikuwa na mimba. Hakujua ni hatari gani ilikuwa inamjia, hata mimi sikujua. Mwalimu aliyetaka kumwambia, nilimnyamazisha mimi."

Mama mmoja akasonya. Mzee Kweyu akamvuta mkono aketi, akaketi. Aibu aliiona, tena kubwa, ila uchungu ulikuwa umeipita.

Watu walipopanga foleni kumpa pole, msichana mmoja alimshika mkono asiuachilie. Alikuwa Shiro, aliyekuwa akikaa dawati moja na Sally. Alisogea hadi midomo ikagusa sikio la Everline.

"Mama Sally, hata mimi niko hivyo. Miezi nne. Usiambie mum, tafadhali."

Everline akamkumbatia kwa nguvu, akaangua kilio kilichofika hadi barabarani, na watu wakadhani bado anamlilia wake.