Dawa ya Mabaki

Binti wa fundi bomba alipofuka kwa sababu dawa aliyodungwa kichwani ilikuwa imeshakufa.

Hospitali haikusema hivyo. Hospitali ilisema ugonjwa umeendelea. Fundi aliambiwa ukweli na muuguzi wa chumba cha mashine, kwenye ngazi za nyuma, muuguzi akiangalia juu na chini kama mtu anayeuza bangi.

Mtoto alizaliwa na maji kichwani. Kichwa kilikuwa kikubwa, lakini ulimi ulikishinda kichwa. Kila neno alilosikia alilirudia, ndiyo maana nyumbani walimwita Kasuku. Madaktari walibishana kama atiwe mrija wa kushusha maji tumboni, au aachwe, maana huenda mwili wenyewe ulikuwa umeanza kuyanyonya. Wa kuamua ni kipimo kimoja. Dawa yenye mionzi kidogo inadungwa ndani ya yale maji, kisha mashine inaifuata. Kesho yake ikionekana bado imetuama kichwani, maji hayana pa kwenda, na mtoto anahitaji mrija. Isipoonekana, imeondoka pamoja na maji, na mtoto yuko salama. Fundi alielewa upesi. Yeye mwenyewe humwaga rangi chooni, kisha huenda kukaa kwenye chemba ya majitaka kuingojea.

Ambacho hakuambiwa ni kwamba dawa ile haikai. Inatengenezwa mbali, inaletwa chupa moja kwa wiki, na nguvu yake inayeyuka kama barafu juani. Siku ya Kasuku chupa ilifika alfajiri. Mtoto alikuwa mezani tayari, tumbo tupu, akiwaimbia wauguzi. Daktari akaambiwa asiifungue. Mkurugenzi wa hospitali alikuwa anamleta mama mkwe wake, ambaye magoti yalimsumbua, naye angepigwa picha kwa dawa ile ile. Mama mkwe alipitia saluni kwanza. Akafika jua linazama, nywele zinang'aa, akachukua sehemu yake, na sehemu yake ilikuwa kubwa. Kilichobaki mwishoni mwa chupa ndicho alichodungwa Kasuku.

Kesho yake picha ikatoka giza tupu. Daktari akaitazama, akasema dawa imeondoka vizuri, mtoto hahitaji mrija.

"Haikuondoka," muuguzi alisema pale kwenye ngazi. "Iliingia ikiwa imeshakufa. Na mimi sijakwambia kitu, baba."

Wakati huo macho yalikuwa yameshakwenda. Yalianza kwa kuangalia chini, kama ya mtu aliyeona aibu. Halafu adhuhuri moja fundi alikuwa kizingitini anabadilisha mpira wa koki, Kasuku ubavuni pake, miguu yote miwili juani.

"Baba, umeme umekatika tena?"

Fundi aliiangalia ile miguu.

"Umekatika, mama."

Mrija wakautia baadaye, mbio mbio. Maji yakashuka. Macho hayakurudi.

Alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi, kofia mkononi. Walijuana, mabomba ya nyumba ya Mkurugenzi ni fundi aliyeyalaza, miaka ile nyumba inajengwa. Alieleza yote isipokuwa muuguzi. Mkurugenzi hakumwonyesha kiti.

"Fundi, mionzi unaijua?"

"Siijui, bosi."

"Basi. Mimi nimewahi kuja kukufundisha kuunga mabomba?" Akacheka, tena bila chuki, kama anavyochekewa mtoto. Kisha akamuuliza ile koki ya jikoni atakuja lini kuitengeneza, kwa sababu Jumamosi ana wageni. Mama mkwe anatimiza miaka themanini.

"Nitakuja," fundi alisema.

Mkewe alimsihi amwachie Mungu.

"Mungu naye ana foleni," fundi alijibu. "Na kwenye foleni unajua wanaopitishwa mbele ni kina nani."

Ijumaa aliitengeneza koki ya jikoni vizuri kuliko kawaida yake. Kisha akazunguka nje ya ukuta, akafunua chemba, akashuka. Alikuwa na gunia alilolijaza matambara na mchanga. Akalisukuma ndani ya bomba kuu kwa kisigino mpaka likakaza. Akili yake ilikuwa inafuata bomba kurudi juu: choo cha chini kuliko vyote ni cha wageni, mlango wake unatazama sebule, na sebule ina zulia jeupe. Walioalikwa watakula, watakunywa, wataingia chooni. Kila walichokila kitawarudia miguuni, na bibi yule atanyanyua gauni lake kwa mikono miwili.

Jumamosi nzima alikaa na Kasuku mapajani. Mtoto alimsikia akicheka peke yake.

"Baba, unacheka nini?"

"Nawacheka wageni."

"Nawacheka wageni," alisema Kasuku, akacheka naye.

Jumatatu akaitwa. Alipita sebuleni makusudi. Zulia lilikuwa jeupe, kavu kabisa. Harufu ilitoka nyuma ya gereji.

Pale palikuwa na chumba cha yaya, ambacho fundi hakuwahi kukiona. Kilijengwa mwaka uliopita, na fundi mwingine, kwenye bonde la uwanja, choo chake kikaungwa kwenye bomba lile lile. Kilikuwa cha chini kuliko choo cha wageni. Uchafu wa sherehe nzima ulipandia humo. Wageni hawakujua lolote. Waliimba, wakakata keki.

Yaya alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, furushi lililolowa miguuni. Ndiye aliyewalea watoto wote wa nyumba ile. Alikuwa ameshaambiwa aondoke, eti ametupa matambara chooni.

"Kaka, wewe ndiye fundi," alisema taratibu. "Ukifungua watakusikiliza. Waambie si mimi."

Fundi akashuka kwenye chemba. Mkurugenzi alisimama juu yake, kitambaa puani. Gunia lilipasuka lilipovutwa, mchanga ukaenda na maji, na kilichobaki mkononi mwa fundi kilikuwa bonge la matambara, likichuruzika. Maji yakaanza kukimbia. Yaya alikuwa amesogea karibu, anasubiri.

"Si unaona," Mkurugenzi alisema. "Ni ya kwake hayo, fundi, au nakosea?"

Fundi aliufikiria mrija. Mrija wa Kasuku hukaguliwa hospitali ile ile, na ukiziba hufunguliwa hapo hapo, kwa amri ya mtu huyu.

"Ni ya kwake, bosi."

Yaya alimtazama kama anayetaka asimsahau, akabeba furushi lake, akatoka getini.

Hesabu ya hasara ikawa hivi. Kasuku, macho mawili. Yaya, kazi, kitanda, godoro, na nguo zote isipokuwa gauni alilovaa. Mama mkwe, magoti yanamuuma kama zamani. Mkurugenzi, chupa moja ya dawa ya kuondoa harufu, nayo haikuisha.