Tumbo la Mama Kisa

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, Mheshimiwa Tusajigwe alifika ofisini kwake Kyela mjini saa mbili asubuhi, akavua viatu vilivyokuwa vimelowa, akaviegemeza ukutani na kuanza kusikiliza watu. Alikuwa mbunge wa viti maalumu kwa mwaka wa nne. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa, na miguu yake bado ilivimba kama ya muuguzi. Kufikia saa saba alikuwa amesikiliza habari za daraja lililochukuliwa na maji, za mpaka wa shamba la kakao, za mchele uliozuiwa mpakani Kasumulu, na za mzee mmoja aliyetaka kusalimia tu lakini akakaa nusu saa.

Mtu wa mwisho kwenye benchi alikuwa mwanamke wa Mwaya aitwaye Tusekile, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi. Wilson, katibu wa ofisi, alimwambia Mheshimiwa anakwenda kula, labda arudi Jumatatu.

"Nitasubiri," alisema Tusekile. "Jambo langu lenyewe halianzi mpaka saa nane na dakika ishirini."

Wilson aliandika saa hiyo kwenye daftari la wageni.

Saa nane na dakika ishirini Tusekile alikuwa ameketi mbele ya meza ya Mheshimiwa, mikono imelala mapajani. Tumbo lake likaanza. Kwanza ilisikika mvua ikipiga bati. Kisha jenereta, ambayo ilikuwa inakohoa. Kisha sauti ya mwanamume aliyechoka ikaomba mkasi, na vyuma vikagongana kwenye sinia.

"Vitambaa kumi na moja," ilisema sauti ya mwanamke. "Daktari, kimoja hakipo."

"Hesabu tena."

"Kumi na moja."

"Ulianza na kumi na moja."

Mvua iliendelea kwa muda. Jenereta ikakohoa, ikakaa sawa.

"Sawa, daktari," ilisema sauti ya mwanamke.

Baada ya hapo ikawa kushona. Yule mwanamume aliuliza kama kuna chai. Mtoto mchanga alilia mbali kidogo, kama chumba cha pili. Yote yalichukua dakika kumi na moja, na tumbo likanyamaza.

Wilson alisimama akafunga dirisha, kwa sababu mvua ya kweli nayo ilikuwa imeanza.

"Ile sauti ya mwanamke ni yako, mama," alisema Tusekile. "Mwezi uliopita nilikuwa naanua mpunga, redio iko kibarazani, nikakusikia unachangia habari za dawa. Nikamwambia mume wangu, Hebroni, huyo ndiye aliyemo tumboni mwangu."

Mheshimiwa hakukataa. Alikuwa ameitambua sauti yake tangu kwenye neno la kwanza. Aliikumbuka na siku yenyewe, miaka saba iliyopita, katika kituo kimoja cha afya ambacho sasa kimegeuzwa ghala. Siku hiyo walipasua akina mama watatu, chumba kimoja, daktari mmoja. Aliyakumbuka yote isipokuwa sura ya mgonjwa, kwa kuwa siku hiyo sura ilikuwa upande wa pili wa shuka, na baadaye hakuthubutu kuitazama.

Tusekile alieleza yaliyobaki bila haraka. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, Kisa, sasa yuko darasa la kwanza. Wiki moja baada ya kurudi nyumbani tumbo lilianza kusema. Mwanzoni hakulielewa, maana lilisema chini kwa chini, kama redio iliyofunikwa na blanketi. Maumivu yakaja baadaye. Mwaka wa pili alipelekwa hospitali ya mbali, akapasuliwa tena, wakatoa kitu pamoja na kizazi chake. Kwenye karatasi waliandika uvimbe. Tangu siku hiyo tumbo lilisikika vizuri, kila neno, na hivyo ndivyo alivyojua uvimbe ule ulikuwa kitu gani.

Mwaya walikwisha kulizoea. Wanawake waliokuwa wakipalilia karibu na nyumba yake walilitumia kujua saa ya kurudi kupika. Mchungaji alimwomba akae karibu na mlango siku ambazo ibada inakwenda mpaka mchana, na yeye alikubali.

"Nilikwenda wilayani mara tatu kuomba faili langu," alisema Tusekile. "Mara ya kwanza faili lilikuwa limepotea. Mara ya pili wakasema halikuwahi kuwepo. Mara ya tatu wakaniambia nilete barua ya hospitali."

"Unataka nini, mama Kisa?"

"Nataka niambiwe."

"Lakini unajua. Kila siku unasikia."

"Hilo ni tumbo langu," alisema Tusekile. "Tumbo langu si hospitali. Nataka walionifanyia waniambie."

Hapo ndipo Mheshimiwa angeweza kusema. Wilson alikuwa ametoka kuchukua mwavuli, na chumbani walikuwa wawili tu. Badala yake alifungua kabati, akatoa rasimu ya muswada wa usalama wa mgonjwa, akamwonyesha kifungu cha kumi na saba. Alikuwa amekipigania kwa mwaka mzima. Kilisema kwamba mgonjwa ataelezwa, ndani ya siku saba na kwa lugha anayoielewa, kila kilichofanyika mwilini mwake, pamoja na makosa.

Tusekile alikisoma mara mbili, kidole kikitembea chini ya maneno.

"Hiki ni kizuri," alisema. "Kikipita wataniambia?"

"Kikipita itabidi wakuambie."

"Basi twende kikapite."

Walisafiri kwenda Dodoma mwezi wa tano, kwa basi la alfajiri. Saa nane na dakika ishirini walikuwa wameshapita Iringa. Konda alipunguza muziki ili watu wasikie. Abiria wa siti ya nyuma alimwomba Tusekile ageuke kidogo, akageuka. Tumbo lilipomaliza, mama mmoja mwenye kuku aliuliza hospitali iliandika nini, akasema dada yake naye aliwahi kuambiwa ni uvimbe, kisha konda akarudisha muziki.

Kamati ya Bunge iliyoushughulikia muswada, ambayo Tusajigwe alikuwa mjumbe wake, ilikuwa imepanga kuwasikiliza saa nane kamili. Kabla ya kuanza, karani aliuliza kama tumbo litaandikwa kuwa shahidi au kielelezo. Mwenyekiti, mtu mpole aliyekuwa akiumwa mgongo, aliwauliza wanasheria. Wanasheria walinong'onezana, wakasema tumbo haliwezi kula kiapo, kwa hiyo ni kielelezo. Likapewa namba.

Upande wa pili wa meza walikaa wataalamu walioalikwa kutoa ushauri. Wa pili kutoka kulia alikuwa daktari Sylvester, ambaye siku hizi hashiki kisu. Ana ofisi, ana miwani, na mvi zimemjaa. Tusajigwe alimwona tangu alipoingia. Yeye pia alimwona, akainamisha kichwa kwa adabu kama zamani walipopishana kwenye korido.

Wakati ulipofika tumbo lilisema yote, kuanzia mvua mpaka chai. Kipaza sauti kiliwekwa karibu. Wajumbe walisikiliza vizuri. Mmoja aliandika namba kumi na moja kwenye karatasi, akaizungushia duara.

"Sauti ya kiume ni ya nani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ni yangu," alisema daktari Sylvester. Alivua miwani. "Mvua ile naikumbuka."

"Na ya kike?"

Tusajigwe alisogeza kipaza sauti chake. Alikuwa amelala vibaya siku nne mfululizo akingoja swali hilo, na sasa lilipofika aliona tu kwamba miguu inamuuma.

"Ni yangu, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Iingie kwenye kumbukumbu," alisema Mwenyekiti, na karani akaandika.

Tusekile alipoulizwa kama ana la kuongeza alisema anaishukuru kamati, na kwamba yeye hataki mtu afungwe. Anataka kuambiwa. Akaruhusiwa kutoka, akaenda kukaa kwenye korido.

Majadiliano hayakuwa marefu. Hakuna aliyesema kwamba tumbo limedanganya. Mjumbe mmoja aliuliza itakuwaje siku matumbo mengine yakianza kusema, maana nchi ni kubwa. Mwingine alisema wauguzi ni wachache, na ukiwatisha watahama. Daktari Sylvester, alipoombwa ushauri, alisema kwa sauti ileile ya tumboni kwamba siku ile alikuwa amesimama tangu jana yake, mafuta ya jenereta yalikuwa yanaisha, na mama wa tatu alikuwa anavuja damu mlangoni. Alisema kifungu ni kizuri kwa nchi yenye madaktari wa kutosha. Tusajigwe alijua kwamba kila alichosema kuhusu siku ile kilikuwa kweli.

Mwanasheria akapendekeza badiliko dogo. Badala ya "ataelezwa" isomeke "anaweza kuelezwa", na mwisho iongezwe "pale itakapoonekana inafaa". Tusajigwe alizungumza dakika tisa kulipinga. Alisema neno hilo moja linakitoa kifungu kizazi. Watu walitikisa kichwa kwa huruma. Wakati wa kura mikono mitatu ilisimama pamoja na wake, na kumi na minne ikawa upande wa pili.

Alimkuta daktari Sylvester kwenye korido ya nyuma, akinywa maji kwenye kikombe cha karatasi.

"Dada Tusajigwe," alisema daktari, "ningeacha tumbo wazi, taa zinazimika?"

"Hapana. Lakini ungemwambia kesho yake."

"Kesho yake nilikuwa zamu. Na wewe ulikuwa zamu." Alikunja kikombe mkononi. "Ndiwe uliyembadilishia dawa ya kidonda siku tano."

Alisema hivyo bila ukali. Walisimama hapo kwa muda kama watu wanaosubiri lifti, ingawa jengo lile halina lifti.

Muswada ulipita mwezi wa sita. Ulikuwa na mambo mengine mazuri, ya rufaa za dharura na ya dawati la malalamiko, kwa hiyo ulipofika wakati wa kusema ndiyo, Tusajigwe alisema ndiyo. Aliwaandikia barua wakubwa wake wa zamani, akaeleza alichofanya siku ile na ambacho hakukifanya. Alingoja aitwe kuhojiwa. Baada ya wiki sita akapokea majibu ya kumshukuru kwa utumishi wake wa muda mrefu.

Mwezi wa nane alikwenda Mwaya. Wilson aliliacha gari barabarani kwa sababu ya tope, wakamalizia kwa miguu katikati ya migomba. Tusekile alikuwa anageuza kakao kwenye chanja. Alipowaona alifuta mikono, akatoa kigoda.

"Mugonile, mama."

"Tumelala salama. Sheria imepita, mama Kisa."

"Inasemaje?"

"Inasema unaweza kuambiwa."

Tusekile alifikiri. "Hata jana niliweza kuambiwa," alisema.

"Ndiyo."

Akarudi kugeuza kakao. Tusajigwe alikaa akimtazama mikono. Hakuwa amepanga maneno. Katika miaka yote ya uuguzi alikuwa amewapa watu habari za kila namna, za vifo na za mapacha, na zote alizisema akiwa amesimama, tayari kuondoka. Akavua viatu vyake vyenye tope, akaviweka pembeni. Kisha akasema kwa Kinyakyusa, polepole, kwa sababu mambo ya hospitali hayana maneno mengi katika lugha hiyo.

Alisema, tulianza na vitambaa kumi na viwili. Nilivihesabu mimi mwenyewe kabla hujaletwa. Mwisho vikawa kumi na moja, nikamwambia daktari, akakataa, nami nilijua niko sahihi, nikanyamaza. Kitambaa kimoja kilibaki tumboni mwako. Siku tano nilikufunga kidonda na sikukuambia. Kizazi chako kiliondolewa kwa sababu ya kitambaa hicho. Hakikuwa uvimbe.

Alipofika kwenye kidonda tumbo likaanza, maana saa ilikuwa imefika. Wote wawili walingoja limalize, kama watu wanavyongoja lori lipite ndipo waendelee kuongea. Wilson, aliyekuwa amesimama kwenye migomba, alitumia nafasi hiyo kukwangua tope kwenye soli. Lilipomaliza, Tusajigwe aliendelea kuanzia alipoishia.

Tusekile alilia kidogo, kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Ndaga," alisema. Asante.

Akageuza kakao iliyobaki.

"Hebroni anatoka shambani saa kumi," alisema baadaye. "Ungemngoja. Ukimwambia wewe ataelewa. Mimi nilimwambia miaka yote, akasema labda ni mizimu."

Tusajigwe akangoja. Aliletewa ugali na samaki, akala. Hebroni alikuja, akanawa miguu, akakaa, akaambiwa. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alikuwa na majirani wawili waliotaka wasikie nao. Tusajigwe akaeleza mara ya tatu. Mmoja wa majirani aliuliza kama na yeye anaweza kuelezewa habari za mguu wa marehemu mumewe, na Tusajigwe akasema hajui, hakuwepo siku hiyo.

Jua lilikuwa limeinama upande wa Malawi walipomtoa mama mkwe ndani, wakimshika mikono, wakamkalisha kwenye mkeka. Kwa miaka mitano bibi huyo alikuwa akisema mkwe wake amefunga uzazi kwa makusudi.

"Huyu hasikii vizuri," alisema Tusekile. "Itabidi useme kwa nguvu."

Mheshimiwa akasogeza kigoda mpaka karibu na sikio la bibi, akavuta pumzi, akaanza upya.