Mikanda ya Begi la Binti Yangu

Mimi ni fundi wa mabegi, na watalii nawajua kwa wanachoniletea. Wenye masanduku ya magurudumu huja na kiongozi wao wa msafara, wakauliza kama naweza kuongeza kufuli juu ya kufuli. Wamekuja kupumzika, hawataki kushtushwa. Wenye mabegi ya mgongoni huja peke yao, kwa miguu, mkanda unaning'inia, na kabla sijashika sindano wameshauliza njia ya mlimani ambayo wale wenzao hawapiti. Wa kwanza wanaogopa kuibiwa. Hawa wa pili wanaogopa kurudi kwao bila kisa cha kusimulia. Nawapenda zaidi hawa, maana hawana makuu, na mabegi yao hukatika sana.

Miaka yote nimewasifu mezani, mke wangu akinicheka. Kumbe binti yetu alikuwa ametega sikio. Jumatatu akaja dukani na begi kuukuu la mgongoni, mkanda mmoja umekatika.

"Baba, nishonee. Ijumaa naondoka. Miezi mitatu, nchi nne, kwa mabasi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Njoo kesho," nikamwambia, neno ambalo nilikuwa nikijigamba kwamba sijawahi kumwambia mteja.

Jumanne uzi ulikuwa umeisha. Jumatano sindano ya mashine ikavunjika. Alhamisi nikaanza kumsifia safari za kikundi, zenye hoteli zinazolindwa na kiongozi anayehesabu watu kila wanapopanda gari. Mimi huyo huyo.

Binti hakubishana. Akavuta kigoda, akachukua sindano ya mkono, akashona mwenyewe.

"Nitaenda nalo hivi hivi," akasema.

Nikauangalia ule mshono. Ulikwenda upogo, na mwisho wake haukuwa na fundo. Moyo ukaniambia niuache tu, ukatike stendi ya kwanza, mtoto arudi nyumbani. Nilikuwa naogopa kweli, sifichi. Lakini nikamwona akilini ameinama barabarani peke yake, mzigo umemwagika, watu wanampita. Nikachukua wembe, nikaufumua wote. Nikashona upya kwa uzi wa nailoni, mara tatu, nikatia na kipande cha ngozi chini yake.

Akalivaa, akarukaruka nalo.

"Litanifikisha wapi hili, baba?"

"Popote utakapo," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu nianze ufundi nikatamani ningekuwa fundi mbovu.