Mpira wa Sufuria ya Lalla Zulikha

Kompyuta ya Shahinez ilizimika tena Ijumaa asubuhi, akiwa anajaribu kamera. Usaili wake wa mtandaoni ulikuwa kabla ya adhuhuri, maana kampuni yenyewe iko Marseille, na kule Ijumaa ni siku ya kazi. Binti yangu alikuwa ametafuta kazi ya kuchora ramani za majengo tangu amalize chuo. Mtu anayekatika katikati ya sentensi haajiriwi.

Niliigeuza. Ilikuwa ya moto kama kikaango. Vimiguu vyake vya mpira vilikuwa vimebanduka vyote, na tumbo lake lilikuwa limelalia kitambaa cha kufuma kilichoziba matundu ya hewa.

Hapa kwetu Konstantini, Aljeria, kila kitu kina kitambaa: televisheni, friji, hata simu ya mezani iliyokufa zamani. Mfumaji ni mama mkwe wangu, Lalla Zulikha. Nilimuuliza kama na hiki ni chake. Akasema ndiyo, ile mashine ilikuwa inakwaruza meza ya harusi yake.

"Umeihurumia meza, ukamchoma mjukuu," nikamwambia.

"Usinifokee, Wahiba. Ningejuaje kwamba na yenyewe inapumua?"

Maduka yalikuwa yamefungwa, maana kwetu Ijumaa ni mapumziko. Nilikata vimiguu kutoka kwenye mpira mkuukuu wa mfuniko wa sufuria ya presha, ule uliokuwa ukivujisha mvuke. Ulikuwa umekauka, kompyuta ikateleza mezani kama sabuni. Shahinez akasema basi, atawaandikia waahirishe. Nikamwambia wanaotaka nafasi ile ni wengi na hawaahirishi.

Lalla Zulikha akaenda jikoni. Alirudi na mpira mpya, ungali kwenye mfuko wake. Ulinunuliwa kwa ajili ya dengu za kuskusi ya mchana ule, na wageni walishaalikwa.

"Kata," alisema.

"Na dengu, Mama?"

"Zitaiva zikitaka. Kata kabla sijabadili mawazo."

Nilisugua chini ya kompyuta kwa kolonya, marashi yenye spiriti, mpaka mafuta yakatoka. Nikakata vipande vinne vya unene mmoja, nikavipaka gundi ya viatu, nikaiacha ianze kunata ndipo nikabandika na kukandamiza. Kompyuta ikasimama imara, hewa ikipita chini yake.

Tulimwachia Shahinez sebule. Sisi tulikaa jikoni na sufuria ya kawaida, dengu zikitokota polepole, tukiisikiliza sauti yake ng'ambo ya mlango. Ilieleza, ikacheka kidogo, ikaeleza tena. Haikukatika hata mara moja.

Wageni walikula alasiri. Shemeji yangu aliuliza kama dengu zimetoka Marseille kwa miguu. Mama yake akamwambia ale anyamaze.

Wiki iliyofuata Shahinez alipigiwa simu: amepata kazi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Lalla Zulikha, nikambusu kichwani, nikamwambia, "Mama, kazi hii umempa wewe. Mungu akulipe."

Alipangusa macho kwa ncha ya kilemba.

"Mungu atulipe sote," alisema. "Sasa mwambie aje nimpime. Haendi kazini na sweta la dukani."