Tai Ndani ya Gunia

Gunia lilitikisika.

Nilidhani ni barabara. Tulikuwa tunateremka mlima, kona juu ya kona, na kila kitu ndani ya gari kilikuwa kikitetemeka: chupa ya maji miguuni pangu, mto chini ya shingo ya mama, hata meno yangu. Kisha tukafika mahali lami ilipokuwa laini, vitu vyote vikatulia, na gunia lililokuwa nyuma ya kiti chetu likatikisika tena. Lenyewe.

Kichwa cha mama kilikuwa mapajani mwangu. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa miaka mingi nyuma. La kulia lilikuwa limefungwa bandeji nyeupe, nalo ndilo pekee lililobaki. Daktari aliyempasua asubuhi ile alituita pembeni, mimi na dada yangu, akatuambia bila kuzungusha maneno: asiiname, asinyanyue kitu, na zaidi ya yote asishtuke. Kichwa kikirushwa ghafla, kazi yote imeharibika, na binadamu hana jicho la tatu. Mama ni fundi cherehani. Amewashonea mtaa mzima, wazima na maiti, na sisi ametulea kwa sindano. Nilikuwa nimekishika kichwa kile kama mtu aliyepewa yai la mwisho nyumbani.

Sasa nimseme dada yangu. Anafundisha baiolojia, na watu wote, mama akiwamo, humwita Mwalimu. Mwalimu ana ugonjwa wake: hawezi kuuona mzoga barabarani akaupita. Wenzake wakikuta kunguru amepondwa na gari huziba pua, yeye hushuka. Nyuma ya nyumba yetu kuna sufuria kuukuu anamochemshia ndege mpaka nyama iachane na mfupa, kisha huiunganisha mifupa kwa waya na kuipeleka darasani. Kabati lake limejaa bundi, kanga na kunguru waliouawa na magurudumu ya watu wasiosimama. "Gari limeshaua," husema. "Angalau mtu ajifunze kitu." Mama alikuwa akilalamika kwamba iko siku atakunywa supu ya kunguru nyumbani kwake mwenyewe.

Siku ile, kabla hatujaanza kuteremka, tulimkuta sungura aliyelala katikati ya lami, amepondwa vibaya. Pembeni yake alikuwapo tai, chali, bawa moja limetanda. Kisa chao kilisomeka chenyewe. Sungura aligongwa, tai akashuka kumla, akashiba, akawa mzito kuruka, na gari jingine likamfikia. Mwalimu akapunguza mwendo.

"Dada, leo hapana," nikasema.

"Dakika moja, Kitinda. Tai! Tangu nianze kufundisha sijapata tai."

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Mwalimu ameona maiti, mama."

Mama akacheka kwa midomo tu, kichwa kimetulia. Na sikio la kufa halisikii dawa; Mwalimu alikwisha kushuka. Kwa kawaida huwa na subira na ndege zake. Huchuchumaa, huligusa jicho kwa ncha ya unyoya, hungoja, huligusa tena. Siku ile hakugusa wala hakungoja, kwa sababu hakutaka mama akae juani. Huruma ndiyo iliyotuponza. Alimtia tai kwenye gunia, akafunga mdomo wa gunia kwa mtandio wake, akamlaza nyuma yetu, mahali ambapo gari letu halina hata ubao wa kuzuia mzigo.

Na sasa gunia lilikuwa linapumua.

Nikatafuta sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Dada, ukiona mahali pa kusimama, simama kidogo."

Akanitazama kwenye kioo. Nikamwonyesha nyuma kwa kidevu. Niliyaona macho yake yakienda kwenye gunia, yakirudi barabarani, na shingo yake ikianza kulowa jasho. Upande mmoja ulikuwa mwamba, upande wa pili bonde, na nyuma yetu lori lilikuwa likipiga honi kwa kutuona tunakwenda kama msafara wa harusi. Pa kusimama hapakuwapo.

"Mbona mmenyamaza?" mama akauliza.

"Kona, mama. Mwalimu anaziogopa."

"Azikate basi, asiziogope."

Ukucha mmoja ulipenya kwenye nyuzi za gunia. Mtandio ukalegea, kichwa kikatoka, kimelowa damu upande mmoja, na jicho la manjano likanikazia. Loo! Sijawahi kutazamwa kwa chuki namna ile. Alijivuta nje, akapanda juu ya mgongo wa kiti, mabawa yakigonga paa, akasimama akiyumba juu kabisa ya uso wa mama. Alinuka nyama mbichi. Mkono wangu mmoja ulikuwa chini ya kichwa cha mama. Ule mwingine niliutandaza juu ya bandeji, nao ndio tai alioshukia.

Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Kucha zile ziliingia nyamani nami nikatamani kulia kama mtoto. Lakini ningeruka, kichwa cha mama kingeruka nami. Ningeuvuta mkono, tai angetua usoni mwake. Kwa hiyo nilikaa. Nilikaa nikitazama kisogo cha dada yangu, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Nikajiapia kwamba jicho hili likipotea sitamsamehe, hata akinililia kaburini.

"Nini kinapepea?"

"Shuka, mama. Dirisha liko wazi."

Tone likaanguka shavuni mwake, chini kidogo ya bandeji. Likafuatwa na jingine.

"Na hayo?"

"Maji. Chupa inavuja."

"Maji ya moto hivyo?"

Nikangoja ashtuke. Mama alivuta pumzi puani, taratibu, akakunja mikono kifuani, akatulia vile anavyotulia akitunga uzi. Hakuuliza tena.

Hatimaye barabara ikapanuka. Mwalimu alisimamisha gari polepole mno, akaruka nje, akafungua mlango wa nyuma. Tai akaniachia. Akarukia lami, akasimama pale akipepesuka, katikati kabisa ya njia ya lile lori.

Na dada yangu, mchemsha mifupa, akakimbilia barabarani akasimama mbele yake, mikono ameitanua.

Breki zililia mpaka nikafumba macho. Nilipoyafumbua, dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani. "We mama, una wazimu?"

"Ninao!" Mwalimu akamjibu. "Subiri!"

Lori likasubiri. Tai alitembea kama mlevi, akakimbia kidogo, akajirusha bondeni. Akazama, nikajua amekwisha. Kisha akaibuka mbali chini yetu, bawa moja likichelewa kidogo kulifuata lenzake.

Chini ya mlima palikuwa na zahanati. Muuguzi mwenye haraka zake alinishona mkono, huku Mwalimu akimwambia mama kwamba tunatia mafuta. Siku zote za kungoja bandeji ifunguliwe sikusema na dada yangu. Aliniwekea chai, ikapoa. Nilivaa mikono mirefu, na mama hakuuliza kitu. Sufuria ya nyuma ya nyumba ilikaa imefunikwa.

Siku ilipofika, Mwalimu hakuthubutu kuingia. Alisimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Daktari akabandua bandeji, akamwambia mama afumbue polepole, akainua vidole.

"Hivi ni vingapi?"

Mama hakuvitazama. Jicho lake, jekundu na lenye machozi, lilizunguka ukutani, likapita kwenye taa, likashuka mpaka kwenye mkono wangu niliokuwa nimemwekea gotini. Akaupandisha mkono wa gauni langu, akanishika kifundo, akausogeza mkono kwenye mwanga wa dirisha kama anavyosogeza kitambaa anachokitilia shaka.

"Nani amekushona hivi?"

"Muuguzi, mama."

"Mishono imepishana. Hata kipofu angeshona vizuri kuliko huyu."

Mlangoni, Mwalimu aliteleza chini mpaka sakafuni, akaangua kilio.

"Mwite dada yako," mama akasema, bado ameushikilia mkono wangu. "Na yule ndege wenu, aliruka?"

"Aliruka, mama." Kisha nikageuka. "Dada, njoo."

Daktari alikuwa bado ameinua vidole vyake. Akavishusha.