Anga la Kundi la Tatu

Bibi alikwenda kwenye mafunzo ya astronomia ya mionzi ya gama kwa sababu mjukuu wake alikataa chupa. Walikuwa wamemjaribu kwa chupa za kila namna, na zote alizitema bila kelele, kama mgeni aliyekwisha kula kwake. Mama yake alikuwa amechaguliwa kati ya vijana wanane waliotakiwa kukaa wiki nzima wakifundishwa, na mtoto alitaka ziwa kila baada ya muda mfupi. Basi Bibi, mjane aliyeishia darasa la saba, akafungasha nepi, kitabu chake cha sala na sweta mbili, akaenda kushika mtoto.

Darasa lilikuwa chumba kirefu chenye viti vya plastiki na nyaya za umeme zilizotambaa sakafuni. Bibi alipewa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili mtoto akilia atoke naye haraka. Wanafunzi wote walimwita Bibi, hata yule mmoja mwenye mvi.

Mkufunzi mkuu alikuwa mwanamke wa nywele fupi aliyeongea kama anayesoma risiti. Siku ya kwanza alieleza kwamba mwanga wa gama una nguvu kuliko mwanga wowote, lakini haufiki chini. Unagonga hewa huko juu, unavunjika, na kule kuvunjika kunatoa mmweko wa samawati, mfupi kuliko kupepesa jicho. Darubini hupiga picha mmweko huo. Shida ni kwamba mimweko mingi haitokani na gama. Inatokana na chembe nyingine zinazokuja kutoka kila upande, na hakuna ajuaye kwao ni wapi.

"Kwa hiyo kazi yenu kubwa," alisema mkufunzi, "ni kutupa."

Bibi aliona hiyo ni kazi ya kueleweka.

Mtihani ulikuwa hivi. Vijana waligawanywa wawili wawili, na kila kundi likapewa picha za mimweko kutoka kipande kimoja cha anga. Katika vipande vingine wakufunzi walikuwa wameficha nyota ya bandia kwa kompyuta. Katika vingine hawakuficha kitu. Kabla ya kufungua picha, kila kundi lilitakiwa kuweka kanuni zake: mmweko upi upokelewe, upi utupwe, na ziada ifike wapi ndipo waseme wameona nyota. Mkufunzi aliwaambia, "Ukifungua kwanza ukapanga kanuni baadaye, utapanga zile zitakazokupa unachotaka. Si kwamba ninyi ni waongo. Ni kwamba mna macho."

Mwisho wa wiki kijana mmoja angepewa nafasi ya miaka mitatu kwenye kituo cha darubini, huko milimani. Nafasi hiyo ilikuwa ya waliomaliza shahada karibuni, na mwaka ujao binti yake Bibi angekuwa amepitwa na muda. Mkwe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameshasema: "Ukipata, tunahama wote. Vyuma havikosekani popote." Asipopata, angerudi kufundisha hesabu kwa vipindi vya kuazimwa, na nyota zingebaki vitu vya kutupia jicho wakati wa kufunga geti. Bibi alijua haya yote, na kila alfajiri alimwomba Mungu binti aone nyota.

Binti alikuwa kundi la tatu, pamoja na kijana aliyeitwa Kamusi. Kamusi hakukosa neno la jambo lolote. Ukimuuliza saa, alianza na historia ya saa.

Jumatano mchana Bibi alikwenda kumlaza mtoto kwenye chumba cha wakufunzi, maana huko kulikuwa na kochi na walimruhusu wenyewe. Mtoto alikuwa kifuani, macho nusu. Mkufunzi mkuu aliingia na msaidizi wake, bwana mwenye ndevu, wakaketi kula mayai ya kuchemsha. Walimsalimia Bibi, akaitikia kwa kichwa asimwamshe mtoto, na baada ya hapo wakamsahau.

"Kundi la tatu wanahangaika," alisema mwenye ndevu.

"Lazima wahangaike. Tumewapa patupu."

"Patupu kabisa?"

"Hakuna hata punje. Nataka nione kama yupo wa kuja mbele aseme hajaona kitu. Miaka yote hii hajatokea."

"Kamusi ataona nyota."

"Kamusi ataona mbili," alisema mkufunzi, akamenya yai la pili.

Bibi alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa amelala na hakuwa na la kusaidia. Kitu cha kwanza kilichomjia ni kwamba kwa siku tatu alikuwa anamwomba Mungu aweke nyota mahali ambapo wakufunzi hawakuiweka. Ombi hilo lingejibiwa, mtihani wa watu ungeharibika. Akaliondoa.

Jioni, kwenye chumba chao cha bweni, binti alikaa kitandani ananyonyesha, kompyuta imewashwa juu ya mto wa kulalia.

"Hamna kitu, mama. Nimetafuta kila kona. Kanuni tulizoweka zinasema patupu."

Bibi akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua ndoo.

Binti akainua kichwa. "Mbona umeshusha pumzi?"

"Nimechoka mgongo."

Mlango ukagongwa. Kamusi aliingia akiwa na kompyuta yake mkononi, ameibeba kama sinia.

"Shikamoo Bibi. Dada, tazama. Nimebana kanuni kidogo hapa, nikalegeza kidogo pale, kitu kimechomoza. Kinaonekana bila miwani."

"Umebana baada ya kufungua."

"Kurekebisha si kubana. Kuna tofauti ya kimantiki."

"Kaka, mtoto huyu alipokuwa na wiki mbili, nilikuwa nikioga namsikia analia. Nafunga bomba, kimya. Nafungua, namsikia tena. Mara nyingine nilitoka na povu kichwani, namkuta amelala fofofo. Maji yale yana sauti zote ndani yake. Ukitaka sana kusikia mtoto, utamsikia."

"Lakini nafasi ni moja," alisema Kamusi, na safari hii hakuongeza neno. Akaondoka na sinia lake.

Binti akamgeukia mama yake, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni kila alipokwama.

"Ungekuwa wewe, ungesema nini?"

Bibi alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, limekaa tayari. Akasema, "Mgeuze huyo, amelalia sikio."

Lakini aliona binti anamsoma uso. Uso wa Bibi haukuwahi kutunza siri. Hata marehemu mumewe alikuwa akijua bei ya nguo mpya kabla haijafunguliwa. Na ile pumzi ilikuwa imeshatoka, haikuwa ya kurudishwa kifuani.

Alhamisi, kabla ya chai, alibisha kwa mkufunzi mkuu akiwa na mtoto mgongoni.

"Jana nilisikia la kundi la tatu," alisema. "Mimi ni mama yake yule."

Mkufunzi alimtazama, kisha akalitazama kochi, kisha akamtazama tena. "Ulisikia nini hasa?"

"Kwamba mmewapa patupu."

"Umemwambia?"

"Kwa mdomo, hapana."

"Kwa kitu gani, basi?"

"Kwa pumzi. Aliposema hamna kitu, nilishusha pumzi. Akaiona."

Mwenye ndevu, aliyekuwa na kalamu mkononi, akaandika: pumzi.

Mkufunzi hakukasirika, jambo lililomtisha Bibi zaidi. "Kosa ni letu," alisema. "Tulikuhesabu pamoja na kochi. Lakini sasa hata akija kusema hakuona kitu, sitajua kama ni kazi yake au ni pumzi yako. Na yeye mwenyewe hatajua. Tutawapa anga jingine."

"Na kazi ya siku zote hizi?"

"Inapotea."

"Huwezi kuniadhibu mimi badala yake?"

"Wewe si mwanafunzi wangu, Bibi. Sina cha kukunyang'anya."

Darasani mkufunzi alitangaza kwamba siri ya kundi la tatu imevuja, na kwamba kundi hilo litaanza upya na matokeo yatasomwa Jumamosi kama kawaida. Hakusema imevujia wapi. Vichwa vyote vikamgeukia Kamusi, aliyeonekana juzi mlangoni kwa wakufunzi akiomba chaja.

"Mimi?" alisema Kamusi. "Mimi nilitaka chaja."

"Chaja ya miguu mingapi?" aliuliza yule mwenye mvi, na wengine wakacheka chinichini.

Bibi akasimama. Kiti cha plastiki kiliganda kwenye gauni lake kidogo, kikaanguka. "Mwacheni. Ni mimi. Nilikuwa namlaza mtoto, nikasikia, na uso wangu ukasema."

Hakuna aliyecheka. Binti yake alikuja hadi nyuma, akamchukua mtoto, akampa mama yake kisogo na kunyonyesha akiwa ametazama ukuta. Baadaye Bibi alimsikia chooni, bomba limefunguliwa kwa nguvu. Maji yale yalikuwa na sauti moja tu ndani yake.

Kuanzia hapo Bibi alikaa nje, kwenye benchi la saruji karibu na tangi la maji. Kamusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfuata.

"Ahsante kwa kunisafisha, Bibi. Lakini ile ya mwanzo, ilikuwepo au haikuwepo?"

"Mwanangu, nimeshasema mengi wiki hii."

"Nauliza kwa sababu ile nyota nilikuwa nimeshaipa jina."

Binti alikuja kila mtoto alipotaka ziwa. Siku ile yote alikuja, akanyonyesha, akaondoka. Bibi naye hakumsemesha. Alijua binti yake hupoa kama uji, kuanzia juu. Ijumaa alasiri ndipo aliponena, macho yakiwa kwa mtoto.

"Kanuni ni zile zile. Hatukuwa tumezipanga kwa kutazama anga lile, kwa hiyo hazikuharibika. Tumeziingiza tu kwenye anga jipya."

"Na nyota ya Kamusi?"

"Haikuhamia."

"Mmeona nini?" Bibi akajizuia. "Usiniambie."

"Sikuwa naenda kukuambia," alisema binti.

Jumamosi asubuhi Bibi aliruhusiwa kuingia, kwa kuwa hakuwa na la kuvujisha. Kundi la kwanza lilisema limeona nyota. La pili liliona mbili. Kisha binti yake akasimama mbele, bila mtoto, mikono haina pa kushika. Bibi alijikuta roho iko juu. Jumatano alijua jibu na halikumfaa kitu. Leo hakujua, na alimwomba Mungu bila kujua amwombe nini. Akaishia kumwomba sauti ya binti isitetemeke.

"Kuna ziada," alisema binti. "Tulisema kabla ya kufungua kwamba ikifika kiwango cha tano tutaita nyota. Imefika nne. Kwa hiyo hatudai nyota. Tunasema hivi: kama ipo, mwanga wake hauzidi kikomo hiki." Akaonyesha mstari.

"Ukilegeza kanuni kidogo?" aliuliza mkufunzi.

"Itafika tano."

"Sasa?"

"Ndiyo maana hatulegezi."

Kamusi, aliyesimama pembeni, alionekana kumeza kitu kikubwa.

"Mlipoteza siku za kazi kwa kosa lisilo lenu," alisema mkufunzi kwa sauti ile ile ya risiti. "Huoni ni haki mpunguziwe kidogo?"

"Nyota haijui kwamba mama yangu alisikia."

Watu wakacheka. Bibi akatazama viatu vyake.

Kundi la nne lilipomaliza, mkufunzi alifungua majibu. Nyota ya kundi la kwanza ilikuwepo. Za kundi la pili, moja ilikuwepo. Kundi la nne lilikuwa limeona nyota kwenye anga tupu. Anga jipya la kundi la tatu lilikuwa na nyota hafifu, chini kidogo ya ule mstari, mahali pale pale penye ziada. Anga la mwanzo halikuwa na kitu.

"Na ile yangu?" aliuliza Kamusi.

"Hiyo ilikuwa yako kweli," alisema mkufunzi. "Sisi hatukuiweka."

Nafasi alipewa binti. Mkufunzi aliitaja hiyo pia kama bidhaa ya mwisho kwenye risiti, akawaambia watu wakusanye nyaya.

Binti alimkuta Bibi bwenini anakunja nepi. Alikaa pembeni yake, akachukua moja, akaikunja.

"Ungenyamaza, ningesema patupu, na ningepata vile vile."

"Ndiyo."

"Na nisingelia chooni."

"Ndiyo."

"Ila ningekwenda kule juu miaka mitatu najiuliza kama ni mimi niliyeona au ni wewe uliyepumua." Alinyoosha nepi upya, haikuwa imekaa sawa. "Bado nimekasirika."

"Kasirika tu. Nami nimekaa."

Wakakunja. Mtoto alikuwa anakoroma katikati yao, miguu huku na huku.

"Huko milimani," alisema Bibi baada ya muda, "wakubwa wa kule nao wanaficha?"

"Hapana. Kule ni anga lenyewe."

"Kwa hiyo nani anajua kilichopo?"

"Hakuna."

"Hata wakubwa?"

"Hata wakubwa. Ndiyo maana tunakwenda."

Bibi akaliwazia hilo, akaliona liko sawa.

"Basi huko," alisema, "naweza kukaa popote."