Usukani wa Upande wa Kulia

Gari letu lilikuwa Holden, limetengenezwa Australia, na usukani wake ulikuwa kulia. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu ndilo lililonifanya nile vumbi la barabara kuliko mwanamke mwingine yeyote wa Kampemba, mtaa wetu wa Lubumbashi. Huku kwetu magari hupita upande wa kulia. Dereva aliyekaa kulia akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mbele, anaona mgongo wa lori tu. Anayeona ni mtu aliyekaa kushoto, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Anaclet, mume wangu, alilinunua Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka, kwa mhandisi mmoja Mwaustralia aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Wakati huo Anaclet alikuwa msimamizi wa karakana katika kampuni ya migodi. Wenzake walinunua Peugeot, ambazo spea zake zilijaa mjini. Yeye akataka Holden. Nilimuuliza spea atapata wapi, akanijibu kwamba gari zuri haliharibiki. Mwanamume akishapenda gari huongea kama mchumba.

Liliharibika, tena mapema. Gasketi ya injini ilipoungua, fundi wetu Rigobert wa Kamalondo alikata nyingine kwenye bamba la shaba, maana shaba haijawahi kukosekana Lubumbashi. Bushi za mbele zilichongwa kwenye tairi la lori. Mkanda wa feni ulitoka kwenye pampu ya maji ya padri mmoja, ambaye hakuulizwa sana. Kila Jumapili baada ya misa Anaclet alivua shati la kanisani na kuinama kwenye injini, na wageni wakija waliongea na mgongo wake. Watu walicheka, lakini gari lilitembea.

Kazi yangu ilikuwa maneno mawili: "pita" na "ngoja". Niliyasema miaka yote, kwenye njia ya Kipushi, ya Likasi, ya Kasumbalesa. Askari wa vizuizi walikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu, wananidai leseni, kisha wanachungulia magotini kwangu kutafuta usukani. Niliwaambia dereva ni yule pale, mimi ni macho tu.

Kisha nchi ikaanza kuvunjika. Mwaka 1991, mwezi wa kumi, wanajeshi walipora maduka, na raia wakawafuata nyuma kuokota kilichobaki. Wazungu wa mtaa wa Golf waliondoka, wakaacha nyumba zao na walinzi wao. Kampuni ikapunguza kazi, halafu ikaacha kulipa, na Anaclet akarudi nyumbani na mfuko wake wa chakula cha mchana. Mwaka uliofuata wenyeji walianza kuwafukuza watu wa asili ya mkoa wa Kasai. Rigobert alizaliwa Kamalondo, na baba yake pia, lakini alifukuzwa hivyo hivyo. Alikaa stesheni majuma mengi na watoto wake akingoja treni, chini ya turubai. Nilimpelekea uji. Alinishukuru, kisha akanieleza ni skrubu gani ya kabureta tusiiguse kamwe. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na Anaclet hakulisogelea gari Jumapili ile.

Baada ya hapo gari ndilo lililotulisha. Kasereka, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, alikuwa anapeleka unga wa Zambia kwenye maduka ya Likasi. Malori yalisimamishwa kwenye kila kizuizi na kupakuliwa, lakini gari kuukuu lenye mama mnene mbele liliachwa lipite. Tulijaza mifuko kwenye buti na nyuma, na Kasereka mwenyewe akajibana katikati yake. Alikuwa mtu wa haki, aliyeomba Mungu kabla ya kila safari, na akimaliza kuomba alianza kuhesabu nafasi.

"Mama Lydie," aliniambia siku moja, "we unakamata nafasi ya mifuko mbili."

Nilimjibu kwamba mifuko haimwambii dereva wakati wa kupita. Ndipo akatoa shauri lake. Alimjua fundi, Chanda, aliyekuwa na kisanduku cha usukani cha Chevrolet iliyokufa. Angeweza kuuhamishia usukani wetu kushoto, kama magari mengine ya nchi. Kasereka angegharamia. Anaclet angeona njia mwenyewe, askari wangepungukiwa na sababu ya kutusumbua, na mimi ningebaki nyumbani.

Sikuudhika hata kidogo. Magoti yalikuwa yananiuma, na binti yetu Lydie alikuwa amejifungua mtoto ambaye nilikuwa simwoni ila akiwa amelala. Nilifurahi waziwazi. Lakini Anaclet alikataa. Alisema gari lilizaliwa hivyo na litakufa hivyo. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikamwita Gauthier, kaka yake, aje azungumze naye. Gauthier alirudi anatikisa kichwa. Kasereka akasema yeye ni mvumilivu, lakini unga si mvumilivu, na kama hatutaki atatafuta gari lingine. Nilijua bila kazi ile tungekula nini: tusingekula.

Tulikwenda Likasi hivyo, tumenuniana. Nilikuwa nimeona mambo mengine mwaka ule na yote niliyahesabu kuwa uzembe wa uzee. Anaclet alikuwa amekwaruza mlango wa kulia kwenye nguzo ya geti letu, si mara moja. Alikuwa anageuza kichwa kama kuku anayetafuta punje. Nilimgombeza kwa hayo yote, na yeye alikubali kila kosa, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na nafasi ya kushtuka.

Karibu na Luisha njia ilikuwa nyeupe, hakuna lori mbele wala gari linalokuja. Nilikuwa nimeamua kunyamaza mpaka Likasi, nimwonyeshe alivyo bila mimi. Mbele yetu, pembeni kabisa, mtu mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye mifuko ya makala, yaani mkaa wa kupikia, mirefu kumpita yeye mwenyewe. Nilimwona tangu mbali. Nikangoja Anaclet apunguze mwendo, au asogee kidogo kushoto. Hakupunguza. Hakusogea. Alikuwa ametulia, mikono miwili kwenye usukani, anaangalia mbele.

Nilipiga kelele na kuuvuta usukani. Gari liligonga mifuko, baiskeli ikaruka mtaroni, makala yakamwagika barabarani. Yule mtu aliangukia majani. Aliinuka, akajipapasa mbavu, akaanza kututukana, na matusi yake yalinifurahisha, maana maiti haitukani.

Kasereka alishuka kumtuliza. Mimi nilibaki kitini, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo moja. Mwenye baiskeli hakuwa upande wangu. Alikuwa upande wa Anaclet, mbele ya pua yake, mahali ambapo hakuhitaji macho ya mtu.

"Mama Lydie," Anaclet alisema taratibu, "ile kinga, baiskeli ile, sikuione."

Nilimwambia aseme yote.

"Jicho ya kuume ilikufa zamani, mbele ya Rigobert kuenda. Ya kushoto naona mbele tu, sawa muntu anachungulia mu tiyo ya mayi. Pembeni iko giza."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema kama angeniambia, ningemkalisha nyumbani, na siku ile ile sufuria ingegeuzwa chini juu. Halafu akatoa lile lililokuwa limemkaa rohoni tangu Kasereka atoe shauri lake la kuhamisha usukani.

"Volant ikienda kushoto, we unabakia ku nyumba. Mi nitaendesha na macho ya nani?"

Nilitaka kumpiga. Kweli, mkono ulikuwa umeshainuka. Kila siku alikuwa ametuweka sote kwenye hilo bomba lake la maji, mimi, Kasereka, watembea kwa miguu wote wa njia ya Likasi. Na papo hapo nilimhurumia, kwa sababu nilimwona peke yake humo ndani, miezi yote ile, akiningoja niseme "pita" kana kwamba ninamwasha taa. Sikumpiga. Nilishuka nikaokota makala pamoja na wengine, na Kasereka akampa yule mtu mfuko wa unga.

Lilibaki suala la kufika. Mimi sikujua kuendesha, Kasereka naye hakujua. Nilimweleza Kasereka ukweli palepale, mikono yangu ikiwa myeusi. Alisema angeshukia Luisha. Sikumlaumu. Lakini nilimwambia kwamba usukani utahamishwa kama alivyotaka, na atakayekaa nyuma yake ni mimi.

Aliniangalia, akalitazama gari, akatazama mifuko yake. Nadhani aliwafikiria askari na mama mnene. Alisema atatungoja mpaka Jumatatu ya juma linalofuata, si zaidi. Tuliacha unga kwa mwenye duka mmoja pale, tukarudi Lubumbashi, Anaclet akiendesha polepole, mimi nikitamka kila shimo, kila mbuzi, kila mtoto, na tulipofika getini sauti ilikuwa imekwisha.

Daktari wa macho alisema ni presha ndani ya jicho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya kulinda kilichobaki haikupatikana mjini. Anaclet alisikiliza kwa adabu, akavaa kofia yake.

Chanda alifanya kazi haraka, kwa sauti ya nyundo zaidi kuliko nilivyopenda. Alitoboa huku, akalehemu kule, akahamisha pedali zote, na kulia akaacha tundu mahali usukani ulipokuwa. Alipomaliza nilifungua mlango wa kushoto nikakaa palepale nilipokuwa nimekaa siku zote. Anaclet akafungua wa kulia, akakaa kwake. Hakuna aliyekuwa amehama. Usukani ndio uliotuvuka ukaja kwangu. Alinyoosha mikono mbele yake, akakuta hewa, akairudisha magotini.

Nilijifunzia Golf, kwenye barabara pana za nyumba zile zisizo na watu. Walinzi walitoa viti nje ya mageti watutazame. Usukani niliuweza upesi, njia nilikuwa naisoma tangu zamani. Kilichonishinda ni gia. Kijiti chake kilikuwa juu, kwenye shingo ya usukani, upande wa mkono wangu wa kulia, na kila nilipokishika gari lilisaga meno na kuzimika. Mguu ukikumbuka, mkono unasahau. Mkono ukikumbuka, tunaelekea ukutani. Walinzi wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo. Anaclet hakucheka. Kila gia iliposaga, alikunja uso kama mtu anayeng'olewa jino, lakini hakusema neno, na unyenyekevu ule uliniumiza kuliko kicheko cha walinzi.

Jumamosi asubuhi zilikuwa zimebaki siku hiyo na Jumapili tu. Nilizima gari katikati ya barabara, na sikuwa nimekusudia. Nikaliwasha, likazimika tena. Nikaegemeza kichwa kwenye usukani nikamwambia basi, imeshindikana, Kasereka atafute watu wengine, na sisi tutauza gari kwa watu wa vyuma. Nilisema na maneno mengine kuhusu Australia ambayo sitayarudia.

Nilisikia kiti kinalia. Kiti cha mbele cha gari lile kilikuwa kimoja kirefu, kama benchi la kanisa, na katikati siku zote tuliweka kikapu, chupa ya maji na jeki. Anaclet aliviinua kimoja kimoja, akavitupa nyuma. Akasogea mpaka kwangu, akapapasa, akakipata kijiti cha gia.

"We kanyaga tu," alisema. "Wakati ya kubadilisha, mi nasikia."

Niliwasha. Nikakanyaga, akaingiza ya kwanza, na gari likaondoka bila kushtuka. Injini ilipanda sauti. Mimi nisingejua ni nyingi au kidogo, lakini yeye alisema "sasa", nikakanyaga, akaingiza ya pili, laini kabisa. Kwenye kona akairudisha kabla sijamwambia kuna kona. Tulizunguka Golf yote. Walinzi walirudisha viti vyao ndani.

Jumatatu tulikwenda Likasi, na unga, na Kasereka nyuma akiomba kwa sauti kuliko kawaida. Baada ya kizuizi cha kwanza alifungua macho, akatuona tulivyokaa, akauliza dereva hasa ni nani. Mbele kulikuwa na lori na nilikuwa na kazi, sikumjibu. Anaclet alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza injini, mkono wake juu ya gia, na bega lake limegusa langu, jambo ambalo gari lile halikuwa limeturuhusu tangu Kitwe.